Namna ya kuandaa na kurekodi mazungumzo ya redio na mtaalamu

Kila anapoingia mtangazaji mpya studio, maswali ni yale yale. Mgeni nimtumie maswali kabla au nisimtumie? Profesa nimkatize vipi bila kumvunjia heshima? Kwa nini nilirekodi saa nzima na sikupata hata dakika kumi za kurusha? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Unahusu kipindi cha nusu saa kinachorekodiwa kabla ya kurushwa, chenye mtangazaji mmoja na mtaalamu mmoja wa historia, sayansi au utamaduni. Kipindi cha moja kwa moja kiache kwanza. Ukishakimudu hiki, kile hakitakusumbua sana.

Jambo moja lielewe mapema: kipindi kikiharibika, mara nyingi kilikuwa kimeshaharibika kabla mgeni hajaketi. Ndiyo maana hatua tano za mwanzo hazina maiki ndani yake.

Vinavyohitajika

- Maiki 2 za dainamiki, kila moja na stendi yake na sponji yake. Maiki moja ya kupokezana haifai: mkono unaoipeleka na kuirudisha utasikika, na mgeni atakuwa akiiangalia maiki badala ya kukuangalia wewe.
- Rekoda au mixa ndogo yenye chaneli 2, ili sauti yako na ya mgeni ziingie kila moja kwenye njia yake.
- Hedifoni zinazoziba masikio. Vile vidogo vya simu vinavujisha sauti na maiki inainasa.
- Memori kadi ya GB 16 na betri za akiba. Ukirekodi WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya 48 kHz, biti 24, chaneli 2, kila dakika inakula karibu MB 17, yaani saa moja ni takriban GB 1. Kadi ya GB 16 inatosha, mradi isiwe imejaa miziki.
- Kompyuta yenye programu ya kuhariri. Audacity ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii.
- Maji ya kunywa yasiyo ya baridi, daftari, kalamu, na saa isiyotoa mlio.
- Fomu fupi ya ridhaa inayotaja kipindi kitarushwa wapi: redioni tu, au na mtandaoni pia.
- Wiki 2. Chini ya hapo utakuwa unakimbizana.

Kama una simu tu, unaweza kuanza. Iweke kwenye hali ya ndegeni, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa shubiri moja kutoka mdomo wa mgeni, na hakikisha programu yake ya kurekodi iko kwenye ubora wa juu. Sauti yako mwenyewe irekodi kwa simu ya pili.

Hatua

1. Geuza mada iwe swali.

Usiharakishe hapa. "Historia ya Kilwa" si swali, ni rafu nzima ya vitabu. Ukimwambia mgeni "Tueleze historia ya Kilwa", ataanza na masultani wa kwanza, na dakika ya 20 itawakuta bado hamjawafikia Wareno. Swali la kipindi ni lile unaloweza kulisema kwa pumzi moja, na msikilizaji akilisikia anataka jibu.

Chukua Kilwa Kisiwani. Swali linaweza kuwa: *Mji uliopiga sarafu zake wenyewe ulitoa wapi utajiri wake?* Chini ya swali hilo kila kitu kinapata mahali pake: dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala (Msumbiji ya leo), msafiri Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, jumba la Husuni Kubwa, Wareno walioushambulia mji mwaka 1505. Hata ile sarafu ya Kilwa iliyookotwa Zimbabwe Kuu inakuwa ushahidi wa njia ya biashara. Bila swali, ingebaki kuwa kioja cha kusimulia.

Swali ndilo pia linalokuchagulia mtaalamu. Tuseme mada ni dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi. Ukiuliza *Kwa nini mifupa iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 iko Berlin?*, unamhitaji mwanahistoria wa enzi ya Wajerumani, anayejua wapagazi waliobeba mifupa ile kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Ukiuliza *Mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 aliwezaje kupandisha damu hadi kichwani?*, unamhitaji mwanabiolojia. Ukiyataka yote mawili katika nusu saa, hutapata hata moja.

Kwenye utamaduni, acha "Ushairi wa Kiswahili" na uulize: *Kwa nini mtunzi wa utenzi ajifunge kwenye mizani 8 kila mshororo?*

Jaribu swali lako kwa mtu asiyehusika, mama ntilie au kijana wa bodaboda anayesubiri abiria. Akijibu "Enhe, kwa nini?", unalo. Akisema "Ni mada nzuri hiyo", rudi kwenye daftari.

*Kosa la kawaida:* maswali mawili yaliyofungwa kwa "na". Kata moja, lihifadhi kwa kipindi kijacho.

2. Tafuta mtaalamu wa swali hilo hasa.

Cheo hakitoshi. Profesa wa historia anaweza kuwa bingwa wa vyama vya ushirika na asiijue Kilwa zaidi yako. Angalia ameandika nini au amechimba wapi, kisha sikiliza namna anavyoongea: hotuba fupi mtandaoni au simu ya dakika 5 inatosha. Anuani za kuanzia ni idara za vyuo vikuu, Makumbusho ya Taifa, ofisi za mambo ya kale, na taasisi za utafiti kama NIMR kwa afya au TAFIRI kwa uvuvi kwa upande wa Tanzania. Kwa Kenya kuna Makumbusho ya Kitaifa, ambayo ina matawi Lamu na Mombasa.

Usiwaache nje wasio na shahada. Fundi wa majahazi anajua kwa nini mbao fulani hudumu majini kuliko kitabu chochote. Ila mtambulishe kwa kile anachokijua kweli. Mzee anayesimulia aliyoyasikia kwa babu yake kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ni mbebaji wa masimulizi, na masimulizi hayo ni mali, hakuwepo vitani. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za vita hivyo, na baadhi ya wazee waliohojiwa walikuwa na umri wa kuvikumbuka kweli. Leo mzee wa umri huo hayupo. Ukimwita mzee wako "shahidi", mwanahistoria atakayesikiliza atazima redio.

3. Mpigie simu kabla, lakini usimmalize.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na wenye swali ndani yake:

> Shikamoo Profesa. Naitwa (jina), mtayarishaji wa kipindi cha (jina), redio (jina) ya Lindi. Tunaandaa kipindi cha nusu saa kuhusu swali hili: kwa nini mifupa ya Tendaguru iko Berlin? Tunaomba utusaidie kulijibu. Kurekodi kutachukua kama saa moja, wiki ijayo, siku itakayokufaa. Nauli tutagharimia, posho hatuna. Naomba pia nikupigie simu ya dakika 20 kabla ya siku hiyo.

Suala la nauli na posho liseme mwanzoni, hata kama linakutia haya. Likija mlangoni mwa studio linaharibu mazungumzo kabla hayajaanza.

Kwenye simu unatafuta mambo machache tu: anaeleza kwa Kiswahili au anakimbilia Kiingereza? Mifano yake inaonekana machoni? Wapi anachangamka? Andika alama pale sauti yake inapopanda. Akianza kusimulia kisa kitamu, mzuie kwa adabu: "Hicho, Profesa, naomba tukitunze hadi siku ya kurekodi." Kisa kikisimuliwa mara ya pili huanza na "kama nilivyokueleza", na kinatoka kimepoa.

Na lile swali la kutuma maswali: tuma *maeneo* manne, usitume maswali. Anayetumiwa maswali huja na majibu yameandikwa, na mtu anayesoma karatasi msikilizaji humjua ndani ya sekunde tano.

4. Soma, ujaze karatasi moja.

Saa 4 hadi 6 za kusoma zinatosha kwa kipindi kimoja. Shabaha si wewe kuwa mtaalamu. Unataka kuweza kugundua pale mgeni anapokosea ulimi na kusema 1805 badala ya 1905. Andika kwenye karatasi moja: tarehe zisizozidi 10, majina ya watu na mahali pamoja na matamshi yake, na istilahi zenye Kiswahili chake. Orodha ya istilahi inafaa hasa kwa sayansi, kwa sababu wataalamu wengi wamesomea kwa Kiingereza. Mfano: visukuku, vinasaba, kingamwili, nusu-uhai, tabaka. Mtumie mgeni orodha hiyo. Hili wengi hulipokea vizuri, na wengine watakusahihisha, ambayo ni faida.

5. Gawa dakika.

Nusu saa ya redio, ukitoa kiashirio (muziki wa kufungulia kipindi) na matangazo, inabaki kama dakika 26. Huu ni mgawanyo unaofanya kazi:

- Kufungua na kumtambulisha mgeni: dakika 1 na nusu
- Kumpeleka msikilizaji mahali penyewe (paonekane, pasikike): 4
- Kiini cha jibu: 8
- Ushahidi, yaani "mmejuaje?": 5
- Wataalamu wanapotofautiana: 4
- Linatugusaje leo: 2 na nusu
- Kufunga: 1

Kila sehemu iwe na swali moja la nguzo na moja la akiba. Zaidi ya hapo utakuwa unasoma orodha badala ya kusikiliza. Maswali yaanze na "kwa nini", "ilikuwaje", "mmejuaje", "ungekuwa pale ungeona nini". Swali linaloanza na "Je, ni kweli kwamba..." linaomba "ndiyo", na ndiyo utakayopewa.

6. Tayarisha chumba.

Funga feni na kiyoyozi. Zima friji ya jirani kama unaweza, na weka ufunguo wa gari lako ndani ya friji hiyo ili usisahau kuiwasha ukiondoka. Simu zote zitoke mezani. Mtetemo wa simu juu ya mbao unaingia kwenye maiki kama nyuki. Ukuta mtupu unarudisha mwangwi: tundika blanketi nzito nyuma ya mgeni na tandaza kitambaa mezani. Kama mko ofisini kwake, chagua chumba chenye vitabu vingi na mapazia, si ukumbi wa mikutano wenye vigae.

Angalia saa za adhana, za wanafunzi kutoka darasani, za jenereta la jirani. Panga kuzikwepa.

7. Pima sauti.

Maiki ikae umbali wa kiganja, yaani sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, ikielekezwa kwenye pembe ya mdomo na siyo katikati, ili "p" na "b" zisipige upepo ndani yake. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi lakini kelele za chumba hubaki palepale. Nadharia ni hiyo tu unayoihitaji.

Usimwambie mgeni "hesabu moja mbili tatu". Atahesabu kwa sauti ya kanisani, kisha mazungumzo yakipamba moto atapaza. Muulize amekula nini asubuhi, au njiani kulikuwaje. Akiwa anaongea, rekebisha mpaka vilele vya sauti kwenye kipimo cha rekoda vicheze kwenye −12 dB, na akicheka visizidi −6. Sifuri ni ukuta: sauti ikiugonga inapasuka na haitengenezeki. Ukirekodi chini mno nako, ukipandisha baadaye unapandisha na ule mchakacho wa vyombo.

Rekodi sekunde 20, isimamishe, isikilize. Wapo waliorekodi saa nzima huku kitufe kikiwa kwenye "pause".

8. Zungumzeni.

Anza na swali rahisi lenye picha. Kwa Kilwa: "Tuseme ni mwaka 1331, tumo kwenye jahazi tunaingia bandarini. Tunaona nini?" Tarehe na nadharia zitafuata.

Kazi yako kubwa ni kuwa sikio la yule asiyejua. Tazama tofauti hapa. Mgeni anazungumzia lile fuvu alilogundua Mary Leakey bonde la Olduvai mwaka 1959, na anasema:

> — Umri wake ulipatikana kwa potasiamu-agoni, kwenye tufu.

Mtangazaji asiyesikiliza anaangalia karatasi: "Ahsante sana Profesa. Na je, bonde hili lina mchango gani kwa utalii?" Msikilizaji ameachwa barabarani. Anayesikiliza anafanya hivi:

> — Samahani Profesa, tufu ni nini?
> — Ni majivu ya volkano yaliyoganda yakawa mwamba.
> — Kwa hiyo hawakupima fuvu lenyewe?
> — Hapana! Walipima majivu. Fuvu lilikuwa kati ya matabaka ya majivu, sasa ukijua volkano ilitapika lini, umejua na fuvu.
> — Kwa nini wasitumie kaboni, ile tunayoisikia kila siku?
> — Kaboni inafika kama miaka elfu hamsini nyuma, halafu inakwisha. Hapa tunaongelea karibu miaka milioni moja na robo tatu.

Maswali matatu mafupi, hakuna hata moja lililokuwa kwenye karatasi, na sasa msikilizaji anaweza kumweleza jirani yake. "Hapana!" ile ndiyo unayoitafuta: mgeni amesahau maiki.

Mengine ya kushika wakati mnaendelea:

*Tarakimu.* Sikio halirudi nyuma kusoma tena. Tarakimu mbili kwa dakika zinatosha, na kila moja ipewe mwenzake wa kulinganisha nao. "1331" inapita. "1331, zaidi ya miaka 160 kabla Vasco da Gama hajakanyaga pwani yetu" inakaa.

*Kukatiza.* Subiri avute pumzi, inua kiganja kidogo juu ya meza, mtaje kwa cheo chake, kisha uliza: "Dokta, hapo hapo..." Mweleze ishara hii kabla ya kuanza. Akiijua hataiona kuwa utovu wa adabu, hata kama ni mtu mzima wa umri wa baba yako.

*Kuitikia.* "Mmh", "naam", "sawa sawa" zako zitaziba sentensi zake wakati wa kuhariri. Itikia kwa kichwa na kwa macho. Utamaduni wetu wa kuitikia ni mzuri barazani, kwenye maiki ni balaa.

*Kimya.* Akimaliza jibu, hesabu mpaka mbili kabla ya kuuliza. Mara nyingi ataongeza sentensi moja, na mara nyingi ndiyo bora kuliko zote.

*Kiingereza.* Likitoka neno, mwombe palepale: "Kwa Kiswahili tungesemaje?" Akikosa neno, aeleze kwa sentensi. Maelezo hayo huwa mazuri kuliko istilahi.

9. Kabla mgeni hajainuka.

Muulize: "Kuna swali ulilotarajia na sikukuuliza?" Usizime rekoda unapouliza. Kisha mwombe aseme jina na cheo chake kama anavyotaka vitajwe. Rudieni sentensi yoyote iliyoingiliwa na pikipiki. Mwisho wote mkae kimya kabisa kwa sekunde 45 mkirekodi chumba kitupu. Ukimya huo utautumia kuziba viraka. Fomu ya ridhaa isainiwe hapo hapo, na faili linakiliwe mahali pa pili kabla hujatoka nje ya geti.

10. Hariri, kwanza kwa kalamu.

Dakika 50 za mazungumzo zinatoa 26 bila taabu. Sikiliza zote mara moja bila kugusa kitu, ukiandika dakika na maneno matatu ya kila jibu. Weka nyota, weka mkasi. Kata majibu mazima kwanza, halafu sentensi, mwisho kabisa "eee" na vikohozi. Anayeanza na "eee" hufika saa sita usiku akiwa dakika ya nne.

Kata mwanzo wa pumzi, usikate katikati yake. Usiondoe pumzi zote. Mtu asiyepumua anatisha. Acha kusitasita kunakobeba maana: mtaalamu anayefikiri kabla ya kusema "hatujui" amesema zaidi ya neno lenyewe.

Mpaka usiovukwa ni huu: usihamishe jibu likaja chini ya swali jingine, na usikate "lakini" yake. Akisema "Inawezekana, lakini ushahidi ni mdogo", huwezi kubaki na "Inawezekana".

Pitisha kichujio cha kukata masafa ya chini ya 80 Hz, sawazisha chaneli mbili zisipishane kwa ukubwa wa sauti, kisha toa nakala kwa kiwango ambacho kituo chenu kinatumia. Muziki ni suala jingine: wimbo wa zamani nao una mwenyewe. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, lakini umri wa sahani peke yake haukupi ruhusa ya kuipiga. Uliza idara yenu inayoshughulikia hakimiliki kabla ya kuupandikiza.

11. Kagua, rusha.

Pitia kila tarehe, jina na takwimu iliyobaki, ukilinganisha na karatasi ya hatua ya 4. Ukikuta kosa la ulimi, mpigie mgeni. Airekodi sentensi hiyo upya kwa simu, au wewe uisahihishe kwenye utangulizi. Usimtumie mgeni kipindi kizima "akipitishe". Mtumie anachohitaji kuthibitisha, basi. Baada ya kurusha, mpelekee nakala na shukrani. Mgeni aliyeshukuriwa hurudi, na huja na mwenzake.

Mambo yakienda kombo

*Mgeni anajibu kwa maneno mawili.* Ana hofu, au maswali yako yanaomba "ndiyo". Mwambie: "Nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi wa darasa la sita." Hilo likishindikana, simamisha, mnywe maji, muulize alianzaje kuipenda kazi yake, na uache rekoda ikizunguka.

*Hasimami.* Jibu la dakika 7 halikatwi hewani kwa urahisi. Msubiri amalize, kisha: "Profesa, kwa yule aliyewasha redio sasa hivi, kwa sentensi mbili?" Utarusha sentensi hizo mbili.

*Amekuja na karatasi.* Mwombe aigeuze juu chini, na mwambie tarehe zote unazo wewe, utamkumbusha.

*Kuna mvumo wa chini usiokoma.* Ni umeme, 50 Hz. Ondoa waya wa maiki kwenye ubavu wa waya wa umeme, na chomoa chaja ya kompyuta itumie betri. Mara nane kati ya kumi dawa ni hiyo chaja.

*Sauti ya mgeni iko mbali kama yuko kisimani.* Amejiegemeza nyuma. Usisogeze maiki tu, sogeza na kiti. Kiti kisicho na magurudumu wala kisicholia ndicho kiti cha studio.

*Mgeni yuko Mwanza, wewe Lindi.* Sauti ya simu ya kawaida inakata karibu kila kitu juu ya 3,400 Hz, na dakika 26 za sauti hiyo zinachosha. Ongeeni kwa simu au mtandao, lakini yeye ajirekodi kwa simu ya pili iliyo mbele yake. Pigeni makofi matatu mwanzoni ili upate pa kulinganishia. Faili alitume WhatsApp *kama hati*, siyo kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti hubanwa. Rekodi mbili za vyombo tofauti huachana taratibu kadiri muda unavyokwenda. Usihangaike kuvuta faili zima, lilinganishe upya mwanzoni mwa kila swali.

*Wageni wawili wanasemeana juu.* Kila mmoja awe na maiki yake, wakae wakitazamana, na kila swali lianze na jina la anayeulizwa. Wakibishana, waache dakika moja, kisha sema: "Mzee Salim anasema hivi, Dokta anasema vile; tofauti yenu hasa iko wapi?" Sikio la msikilizaji halioni nyuso, kwa hiyo taja majina mpaka uone unazidisha.

*Mgeni anapiga simu kesho yake anataka sentensi ifutwe.* Sikiliza sababu. Ikiwa alikosea au inamhatarisha mtu wa tatu, kata. Ikiwa amejutia tu kusema kweli, mpelekee mhariri wako, wala usimwahidi kitu kwenye simu.